Mtetea

Jana wamenikabidhi daftari la Chama cha Dorkasi,
jalada la kitambaa cheusi, pembe zimeliwa na mchwa,
na ufunguo wa sanduku ambalo kufuli lake
lilipotea tangu enzi za Kasisi Yeremia.
Mimi ndiye katibu sasa. Nikapigiwa makofi matatu,
nikanywa soda ya moto, nikarudi nyumbani.

Usiku nikalifungua. Umeme ulikuwa umekatika,
nikawasha koroboi, na ikawa vyema:
mwandiko huu ulizaliwa kwenye mwanga wa namna hiyo.
*Machi. Sanda, yadi sita, marehemu wa Vighawe.*
*Machi. Mafuta ya taa, chupa moja, kwa mwenye mapacha.*
*Aprili. Mtama, nusu debe.* Na pembeni, kwa penseli:
*Mzee amerudisha kibaba. Anasema kimezidi.*

Ulikuwa mwaka wa ukame. Mawingu yalipita juu ya Kiboriani
kama mkwe asiyetaka kusalimia.
Wanawake wa chama walitembea wawili wawili,
vitambaa vyeupe kichwani, kalamu moja baina yao,
wakiingia nyumba za watu na maswali:
Mna akiba? Mna mbuzi? Baba watoto yuko wapi?
Maana Kasisi alitaka sadaka imfikie anayestahili,
na kustahili kulikuwa na safu yake, imepigwa rula.

Nilikuwa na miaka saba.
"Mbukwenyi," wakasema mlangoni, wakavua viatu,
jambo ambalo mama hakulitarajia.
Damari Masinjisa akakaa kwenye kigoda.
Persisi akabaki wima, daftari hili mkononi.

Sisi tulikuwa na kuku. Mmoja, wa madoa.
Mama alikuwa amemfunika kwa tenga
nyuma ya jiwe la kusagia,
juu ya tenga akatandaza kanga,
na mimi akanipa amri kwa jicho.

Persisi alipofika kwenye neno *mifugo*
yule kuku akataga.
Akataga, akaanza kutetea,
akaitangazia Mpwapwa nzima.

Mama akawa jiwe la pili.

Hapo Damari akashikwa na kikohozi.
Kikohozi gani kile!
Alikohoa akapiga kifua, akaomba maji,
akanywa, akakohoa tena hadi machozi,
akakohoa mpaka kuku akachoka.
Kisha akajifuta kwa ncha ya kitambaa,
akamwambia mwenzake, "Andika: hakuna."
Persisi akaitazama ile kanga,
akamtazama Damari, akatazama dari ambayo haikuwepo.

Nimeiona. Ukurasa wa arobaini na moja.
*Mama wa karibu na kisima. Watoto wanne.*
*Mume: reli, Gulwe. Haleti. Mali: hakuna.*
Herufi ya kwanza ya *hakuna* wino umevimba,
hapo kalamu iliposimama kidogo.

Lugha yetu ina mambo.
Kutetea ni kelele ya kuku juu ya yai lake;
kutetea ni kusimama upande wa mtu.
Asubuhi ile walitetea wawili ndani ya chumba kimoja,
na mmoja tu ndiye aliyekuwa na manyoya.

Mama hakuwahi kukicheka kisa hiki.
Alikibeba kama deni.
Hadi anakufa, akikutana na Damari sokoni
yeye aliangalia chini,
na Damari aliangalia nyanya.

Lakini geuza ukurasa. Juni, Julai,
hadi mvua ziliporudi, kila Jumamosi, upande wa mapato:
*mayai mawili. Mtoaji hakutaka jina.*
Mwandiko ni wa Persisi, na Persisi alijua.

Kesho nina nyumba tatu za kutembelea.
Fomu mpya ina maswali ishirini na sita,
inataka na picha ya mlango.
Nimechonga penseli. Nimepaka viatu rangi, viatu vya kuvuliwa.
Na sasa, kwa sauti ndogo nisiwaamshe watoto,
niko hapa mbele ya koroboi
najizoeza kukohoa.